Mama wa Beu na Mashini Iliyonunuliwa Vipande

Habari ilinikuta nyuma ya kamyo yangu ya mizigo, nikibishana na wapakizi juu ya magunia ya unga waliyoyapanga vibaya. Simu ikalia, ikalia tena, nikaipokea kwa hasira. Alikuwa mwanamke mmoja wa Beni, jirani wa huyu ninayetaka kuwaambia habari zake leo. Hakunisalimu. Alisema tu, "Patron, Mama wa Beu ametuacha asubuhi hii. Ni tension, presha ya damu. Alikuwa anapanga karatasi zake, akaketi, akasema kichwa, basi." Nikamwuliza kama watoto wamekwisha kujua. Akanijibu, "Babili, mukubwa na mudogo, banajua. Ule wa Kampala, tuko tunatafuta namba yake." Jibu hilo ndilo lililonikaa kifuani siku nzima, kuliko hata kifo chenyewe. Mama wa mtu amekufa, na majirani wanazunguka wakitafuta namba ya mtoto wake kama wanaotafuta namba ya wakala wa forodha.

Ninyi mnaonisoma siku zote mnajua kwamba mimi si mtu wa kusifu maiti. Kwetu kila anayekufa anakuwa mtakatifu kwa muda wa matanga, halafu watu wakishakunywa chai na kurudi kwao wanaanza kusema ukweli. Mimi napenda kuanza na ukweli. Mama huyu hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa nyumbani. Yeye alikuwa Mprotestanti wa kwaya, sauti yake unaisikia toka njiani kabla hujaona kanisa. Mimi ni Mkatoliki wa Butembo, na nyimbo huwa nawaachia wengine. Tulijuana kwa kazi. Pale Beu, mtaa wa Beni, karibu na soko, alikuwa na chumba chenye mlango wa bati, ndani kuna mashini moja ya kuandikia, ordinatere, yaani kompyuta, na kando yake mashini ya kutoa karatasi. Alikuwa akiwaandikia watu mialiko ya ndoa, programu za kanisa, kazi za mwisho za wanafunzi, na barua za watu kama mimi, tulioacha shule darasa la tatu tukaenda kusukuma baiskeli za mizigo mpaka tukanunua kamyo. Nilikuwa namwambia maneno kwa mdomo, naye anaandika. Siku moja aliacha kuandika, akanigeukia.

"Patron, hii barua inapiga makelele. Nipunguze sauti kidogo?"

"Hapana. Nimelipa ipige makelele."

"Aya. Itapiga makelele, mais na herufi za muzuri."

Ndivyo alivyokuwa. Alicheka watu machoni, nao wakarudi kesho yake kuchekwa tena.

Sasa nirudi kwenye miaka ile ya vita, wakati majeshi yalipokuwa yanabadilisha majina kila msimu na sisi tunabaki na bariyeri zilezile za askari njiani. Beni ikageuka mji wa makambi. Mama huyu alikuwa mjane tayari, mwenye watoto watatu. Risasi zilipoanza kupita juu ya mabati ya Beu, alifanya kile ambacho kila nyumba yenye akili ilifanya: aligawa watoto. Mkubwa, wa kiume, akampandisha Butembo, kwenye baridi, kwa kaka yake. Wa kati, msichana aliyekuwa bado hajabadili meno yote, akampeleka Kampala kwa dada yake aliyeolewa kule. Mdogo, aliyekuwa bado wa mgongoni, akabaki naye. Mtu wa mbali akisikia hivi ataona ni roho ngumu. Sisi tuliokuwako tunajua ilikuwa hesabu ya mapenzi. Nyumba ikiangukiwa na bomu, isimalize ukoo wote. Njia ikifungwa upande mmoja, upande mwingine kuna mtoto anayekula.

Akili hiyo hatukuianzia kwa watoto. Tulikuwa nayo katika biashara, na vita viliinoa tu. Mfanyabiashara wa Butembo hapakii mali yake yote katika kamyo moja, hata kama kamyo ni yake na dereva ni mtoto wa dada yake. Nusu inapita mpakani Kasindi leo, nusu inasubiri siku nyingine. Fedha zinakaa mifuko mitatu, na wa tatu ndio bwana mwenyewe anaousahau. Namkumbuka tajiri mmoja wa viatu aliyezidisha akili hiyo. Aliagiza viatu vya kiume, akafunga vya mguu wa kushoto katika kamyo moja, na vya mguu wa kulia katika nyingine, ili wanyang'anyi wakikamata moja wasipate cha kuuza. Kamyo ya kwanza ikakamatwa kweli, katikati ya mbuga. Wanyang'anyi wakachukua, wakafungua, wakatupa vyote mtoni kwa hasira. Ya pili ikafika Butembo salama, imejaa miguu ya kulia. Watu walikwenda dukani kwake kumpa pole, lakini njiani wanaziba midomo. Mmoja akamwambia, "Yaya, kaka yangu, ngojea tu. Na hii vita, wanunuzi wa muguu moja batakosekana aje?" Tajiri yule hakucheka. Mimi nilicheka, na sijutii, maana miaka ile mtu aliyekosa kucheka alilala asiamke.

Basi, mashini ya Mama wa Beu ikafa. Ilikufa mchana, wateja wamepanga mstari. Umeme alikuwa anaupata kwa jirani mwenye kinu cha mihogo, aliyekuwa na jenereta. Siku hiyo mkanda wa kinu ulikatika, jenereta ikaruka, ikatoa nguvu zote kwa mkupuo, na ndani ya mashini kukatoka harufu ya plastiki inayoungua. Alinipa niipandishe Butembo kwa kamyo, naye akaja, tukaipeleka kwa fundi mmoja mnene, mwenye tabia ya kula karanga juu ya mashini zilizofunguliwa. Fundi akatoa mfuniko, akatuonyesha ubao mkubwa wa ndani, ule wanaita carte mère, ambao kila kitu kingine kinakaa juu yake. Juu ya ubao kulikuwa na vikopo vidogo vilivyovimba kama makopo ya samaki walioharibika.

"Mama, huyu amekwenda," fundi akasema. "Diski yako iko muzima. Processeur, njo kusema kichwa yake, iko muzima. Kamata hii akili. Utatafuta ubao mwingine wenye kiti ya hii kichwa. Na bareti, hii kipande ya mémoire, ya kukumbuka, iko na mufereji yake. Unaona mapengo? Ya zamani iko na mapengo mbili, ya mupya pengo moja. Donc ubao na bareti unanunua pamoja. Duka moja, siku moja, mukono moja. Vikikosana, hapana kuwaka."

Waliokuwa wamekaa pale wakisubiri radio zao wakacheka. "Duka moja, siku moja! Fundi, wewe unaishi inchi gani?" Fundi akatafuna karanga, akasema yeye amekwisha kusema.

Tulipotoka nje mama alinishika mkono, jambo asilozoea. "Patron, nikwambiye. Sasa Beni imetulia kidogo. Kinachonizuia kuita batoto ni sahani tu, chakula yao. Mashini ikiamka, naita bote babili, mwezi uleule." Nikamwambia asiapie vita. Akasema haapii vita, anaapia tumbo lake. Jioni hiyo tulipita kwa kaka yake, mtoto wake wa kiume akamwuliza mlangoni, hata kabla ya kumsalimu, "Tunarudi lini?" Akajibu, "Mashini ikiamka." Mtoto akatikisa kichwa kama mtu mzima aliyekwisha kusikia ahadi za watu wazima. Wasomaji, shikeni hapo. Kwa mwanamke huyu, ubao ule na kipande kile cha mémoire havikuwa vyombo vya ofisi. Vilikuwa ndiyo njia ya kurudisha nyumba yake mezani.

Na sasa sikieni alivyofanya. Alimsikia fundi vizuri, kisha akafanya kama kila mtu wa kwetu. Aligawa. Ubao wa zamani, pamoja na kichwa chake juu, akamkabidhi mama mmoja muuza vikwembe, vitenge vya kujifunga, aliyekuwa anapita Kasindi kwenda Kampala. Akauficha chini ya sufuria, katikati ya nguo za ndani, maana hata askari anaona haya kupekua pale. Bareti ya zamani akampa shemasi wa kanisa lao aliyekuwa anakwenda mkutano Goma, njia ya kusini, mstari mwingine wa vita. Shemasi akaiweka ndani ya ganda la Biblia. Kila mmoja akabeba mfano wake, maana hivyo ndivyo tunavyonunua spea: unabeba kilichokufa, unatafuta pacha wake. Mmoja akinyang'anywa, mwingine atafika. Mtu asimlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile, na ningejisifu.

Wote wawili walifika salama, na hapo ndipo ubaya ulipo. Muuza vikwembe alirudi na ubao mpya unaong'aa, wenye kiti cha kichwa kile kabisa. Mwenye duka wa Kampala alikuwa amemwambia ni wa kisasa, unakimbia kuliko ule. Shemasi alirudi na bareti iliyofanana na ile ya zamani kama mapacha wa tumbo moja, maana Goma walikuwa bado wanauza za zamani. Tukarudi kwa fundi. Akauweka ubao, akaketisha kichwa, akachukua bareti, akaielekeza kwenye mfereji. Ikagoma. Akaigeuza. Ikagoma. Akaipuliza vumbi ambalo halikuwako. Bareti ilikuwa na mapengo mawili, mfereji ulikuwa na kizuizi kimoja tu, na hakikuwa mahali pake.

"Eh," fundi akasema.

"Sukuma kidogo," nikasema mimi.

"Patron, hii hapana boulon, bolti ya kamyo."

Muuza vikwembe akaanza kujitetea, akaapa kwa marehemu mama yake kwamba alionyesha ule ubao wa zamani mbele ya mashahidi. Shemasi naye akasema yeye alilinganisha bareti mbili mpaka mwenye duka akamwuliza kama anataka kununua au kuzioa. Fundi akafuta mikono. "Hapana kugombana. Kila mutu amefanya kazi yake muzuri. Na mashini imekufa." Mama wa Beu hakulia. Alikaa juu ya kasha la soda, akavuta ubao na bareti akaviweka magotini. Halafu akasema, "Nitaenda mimi. Na kila kitu. Mukono moja."

Alinikuta nina safari ya Kasindi, nikiufuata mzigo uliokwama forodhani. Nikamwambia si lazima abebe sanduku lote, achukue ubao na bareti tu. Akakataa. Akalifunga sanduku la mashini kwa kikwembe, akalipakata kwenye kiti cha mbele kati yangu na dereva, na njia nzima tulipigwa mbavu na kona za bati lile. Baada ya kushuka kutoka Beni, bariyeri ya tatu au ya nne, sikumbuki, walitusimamisha askari wasiotujua. Mmoja, mwenye kofia ya sufi katika joto lile, akachungulia ndani ya kabina.

"Mama, oyo nini?"

"Mashini ya kuandika, Commandant."

"Mashini ya kuandika iko na nyaya mingi hivi? Hii ni phonie. Unaita banani nayo? Fungola."

Wasomaji, phonie ni radio ya kuitana mbali, na miaka ile mtu aliyekutwa nayo bila karatasi hakuulizwa mara mbili. Dereva wangu aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akatazama mbele kama aliyepigwa picha. Mimi nilikuwa na maneno tayari mdomoni, ya aina ile inayopiga makelele, lakini mama akanitangulia. Akashuka na sanduku lake, akaliweka juu ya kisiki, akatoa mfuniko, akatoa bareti kwenye mfuko wa sidiria, akampa askari.

"Commandant, phonie inaita. Hii hata kukohoa haikohoi. Ingiza hii pale. Ikiingia, unifunge."

Askari akaweka bunduki mgongoni. Akajaribu. Akageuza. Akatoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kushona. Wenzake wakaja. Mmoja akasema isukumwe kwa kitako cha bunduki.

"We! Hapana kuvunja, baba! Mama yako angekubali uvunje sahani yake?"

Wakacheka. Mwenye kofia akamrudishia bareti. "Mama, balikudanganya."

"Hapana, Commandant. Hakuna aliyenidanganya. Mumoja alinunua Kampala, mumoja Goma. Bote balinunua muzuri."

"Sasa unapeleka maiti wapi?"

"Naipeleka kwa mwenye kuiamsha. Nina batoto wanaingojea."

Akatuomba sigara, nikatoa pakiti nzima, tukapita. 

Kampala tulikwenda pamoja mpaka duka lile, kwa sababu nilitaka kumwona huyo mwenye duka. Alikuwa kijana mwenye tai fupi, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akasema anaweza kubadili: ama mama achukue ubao wa zamani uliotumika, unaokubali bareti ya Goma, ama abaki na ubao wake mpya, anunue bareti mpya ya pengo moja. Wa zamani ulikuwa rahisi zaidi.  Mama alinigeukia mimi. "Patron, bareti ikifa tena kule Beni, nitaipata wapi?" Nikamwambia ninavyochagua kamyo: siangalii rangi wala nguvu, naangalia spea yake inapita njia gani. Beni inakula kutoka Kasindi, na Kasindi inakula kutoka Kampala. Goma ni mbali, na katikati kuna watu wenye njaa. "Basi nachukua ya pengo moja," akasema, "na bareti ya Goma nitaiuza kwa fundi." Halafu akamwambia kijana aweke kila kitu mahali pake, juu ya meza, awashe.

"Mama, nunua kwanza, ukawashe nyumbani."

"Nyumbani kwangu ni bariyeri kumi. Washa hapa."

Kijana akanung'unika kwa lugha yake, akafunga nyaya, akabonyeza. Kioo kikawaka, maandishi meupe yakapanda, mashini ikahesabu mémoire yake yenyewe, ikalia mlio mmoja mfupi. Mama akapiga vigelegele dukani, wateja wakageuka, na mimi niliona haya lakini nilicheka. Ndipo akalipa.

Kutoka pale alitaka twende kwa dada yake. Sikupenda, kwa sababu mambo ya familia si ya kubebwa na mwenye kamyo, lakini sanduku lilikuwa zito na jua kali. Nyumba ilikuwa safi, ina zulia. Msichana alitoka ndani akiwa na sare ya shule, amekuwa mrefu. Alipotuona alipiga magoti palepale mlangoni, akainamisha kichwa, akatusalimu kwa Kiganda, mimi na mama yake, sawasawa. Ndivyo wasichana wa kule wanavyosalimu wageni. Kwetu mtoto anamrukia mama yake shingoni.

"Simama," mama akamwambia. "Simama, mwanangu. Mimi hapana mugeni."

Mtoto akasimama, akamtazama mama mkubwa aliyesimama nyuma yake kumwuliza kwa macho kama amekosea. Mama akamsemesha Kinande, lugha yetu, akajibu neno moja; akamsemesha Kiswahili, akajibu nusu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, lakini hawakutwambia tufanye nini siku mwenye kuku anapokuta kamba ile imekwisha kukatika. Tukanywa chai. Mama akamwambia dada yake kwamba amekuja kuchukua viwili, mashini na mtoto. Dada akaweka kikombe chini.

"Njia uliyopita, unaijua kuliko mimi. Utamupitisha pale?"

Mama akakoroga chai yake.

"Sikukatazi, ni wako. Mais nijibu. Kwenye ile bariyeri ya phonie, ungemuweka wapi?"

Sikuwa nimemsimulia dada habari ya bariyeri. Mama mwenyewe ndiye aliyeisimulia, dakika chache kabla, akicheka. Sasa hakucheka. Alimwita mtoto, akampanga nywele kwa vidole, akamnusa utosini, akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Maliza mwaka wa shule. Nitarudi kukuchukua." Mtoto akasema ndiyo, akapiga magoti tena kuaga.

Kwenye njia ya kurudi sanduku lilikuwa palepale, kati yetu. Nilimwambia, kwa namna yangu, "Mtoto yuko hai. Mashini iko hai. Unalilia nini?" Akasema, "Silii. Nilitaka vikae pamoja, ni hilo tu." Mashini iliwaka Beu, na kijana wa Butembo akarudi kwa mama yake kama alivyoahidiwa. Lakini mwaka wa shule ulipokwisha, vita vilikuwa vimerudi, njia ya Kasindi ikafungwa. Ilipofunguliwa, dada alisema mtoto ana mitihani. Baada ya mitihani kulikuwa na kitu kingine. Halafu msichana akawa mwanamke, akapata kazi kule, akatuma pesa za dawa, akaja Krismasi moja akakaa kama mgeni, akarudi. Hakuna siku mtu alisema hatarudi. Siku hazikuisha kwa neno, ziliisha kwa kuahirishwa.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili tangu simu ile. Watu wanasema vita viliua wangapi, na hiyo ni kazi yao. Mimi naona kingine ambacho hakuna anayekihesabu: vita vilitufundisha akili moja nzuri, akili ya kugawa, na tukaitumia mahali pote. Iliokoa mali zangu. Iliokoa watoto wengi, hata huyu wa Kampala. Sijui kama angekuwa hai leo kama angebaki Beu. Lakini kila kipande kilichokwenda mbali kilikua kwa jinsi ya mahali kilipokwenda. Kila shangazi alilea vizuri, kila mjomba alilipa shule, kila mmoja alifanya kazi yake kama muuza vikwembe na shemasi. Tunapokuja kuviunganisha tunashangaa kwamba vinagoma, na tunatafuta wa kulaumu, wala hayupo. Katika miji yetu hii miwili siijui nyumba ambayo haina mtoto mmoja anayesalimu wazazi wake kama wageni. Na wakubwa wanapokuja kutwambia kuhusu amani, wanazungumza habari ya bariyeri. Bariyeri mimi nazijua, zinaondolewa kwa pakiti ya sigara.

Nilishuka Beni kwa maziko. Namba ilikuwa imepatikana, msichana alifika kwa basi mpaka mpakani, halafu kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Yeye na kaka yake walikumbatiana, wakalia, halafu wakakwama: huyu ana Kifaransa na Kinande, yule ana Kiingereza na Kiganda, na Kiswahili cha wote wawili hakitoshi kwa msiba. Mchungaji alihubiri, mdogo wao, mwenye Kiingereza kidogo, akawa anawageuzia maneno katikati. Baada ya kuzika, msichana alinifuata nilipokaa kando na wanaume. Alitaka kupiga magoti, nikamzuia. Akasema Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja.

"Mzee, wewe ulikuwa naye. Ile siku alikuja Kampala. Alikuja kwa ajili ya mashini, au kwa ajili yangu?"

Mimi sijui kupamba. Nikamwambia alichotaka mama yake: mashini iamke ili awaite nyumbani, aliniambia kwa mdomo wake, akinishika mkono. Akauliza kwa nini basi alirudi na mashini peke yake. Nikamwambia, "Mashini tuliiwasha juu ya meza, tukaona inaamka, ndipo akaibeba. Wewe, hakukuwa na meza ya kukujaribu. Aliogopa kukuleta hapa ukazimika."

Alikuna vumbi kwenye mkono. Nilidhani nimemfariji, na nilikuwa najiandaa kusimama. Akasema, "Angenichukua tu."

"Na risasi?"

"Na risasi."

 Wanaume waliokuwa karibu nami wakageukia upande mwingine kwa heshima.

Kwa hiyo nawaambia ninyi, kwa herufi nzuri na kwa makelele. Mizigo nitaendelea kuigawa mpaka nife, na anayetaka kunicheka acheke. Lakini wewe mwenye mtoto kwa shangazi, kwa mjomba, ng'ambo ya mpaka, uliyempeleka kwa akili na kwa upendo, ukaahidi kumfuata hali ikitulia: hali haitulii, mimi nimeingoja nikaota mvi. Usimtume mtu. Panda mwenyewe, wiki hii, ukamwulize mtoto anataka nini. Dada na mama waliamua juu ya kikombe cha chai, mimi nikiwa shahidi, na katika chumba kile kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuna aliyemwuliza.